Basi la fahari lililoshindwa na basi la kawaida

Mfanyabiashara anayenunua mtambo kwa sababu ni mpya, bila kuuliza vipuri vitatoka wapi, anauweka mtaji wake rehani. Ushahidi mmoja unapatikana katika historia ya mabasi ya mjini ya Urusi ya Kisovieti.

Mwaka 1947, jiji la Moscow lilipoadhimisha miaka 800, kiwanda cha magari cha ZIS kilitoa basi jipya, ZIS-154. Lilikuwa na bodi iliyojitegemea bila fremu ya lori, injini ya dizeli nyuma, na nafasi ya abiria 60, wakiwemo 34 wa kukaa. Dereva hakubadili gia. Dizeli ilizungusha jenereta, jenereta ikalisha mota ya umeme, na mota ikaendesha magurudumu.

Kasoro ilikuwa kwenye injini. YaAZ-204, iliyotengenezwa Yaroslavl kwa kufuata muundo wa General Motors wa Marekani, ilikuwa bado changa. Ilitoa moshi na kelele nyingi, na kuharibika mara kwa mara. Basi lililolala gereji halileti nauli, ila gharama haziliachi. Uzalishaji ulikoma mwaka 1950, yakiwa yametoka mabasi yasiyofika 1,200.

Hata hivyo, kiwanda hakikuitupa bodi. Kiliifupisha kutoka mita 9.5 hivi hadi mita 8.3, kikaweka mbele injini ya petroli na kutumia giaboksi ya lori la ZIS-150. Hilo ndilo ZIS-155, lililoanza kuzalishwa mwaka 1949. Lilibeba abiria 50 tu, wakiwemo 28 wa kukaa. Kwa teknolojia ilikuwa hatua ya kurudi nyuma, lakini hadi mwaka 1957 yalikwisha kutengenezwa zaidi ya 21,000. Fundi aliyelijua lori alilijua na basi, na vipuri vingi vilikuwa vya aina moja.

Ikumbukwe kwamba uchumi ule ulikuwa wa mipango ya serikali, na wanahisa hawakuwapo. Pamoja na hayo, hesabu ya barabarani haikubadilika. Aidha, nafasi 10 zilizopotea zilirudi mwaka 1957 kwa ZIL-158, basi refu zaidi lililojengwa juu ya uzoefu wa ZIS-155.

Wazo la dizeli na umeme halikuwa baya, kwani leo mabasi ya namna hiyo yanafanya kazi katika miji mingi mikubwa. Lilitangulia tu injini ya kulibeba.

Kwa mwekezaji mdogo, kipimo ni hiki: usigawanye bei ya chombo kwa idadi ya viti peke yake. Igawanye pia kwa siku ambazo chombo kitakuwa kazini. Viti 34 vilivyosimama gereji ni hasara mbele ya viti 28 vinavyotembea.