Katuni za zamani zitunzwe kama mali ghalani

KAMUKUZI, Mbarara – Mfanyabiashara anayeinua magunia ya maharage juu ya mbao tayari anajua nusu ya kazi ya kutunza katuni za zamani. Toleo la jarida la Joe, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, likiliwa na mchwa, hakuna duka la kununua jingine jipya.

Katika nyumba za udongo Nakivale, adui hupanda kutoka sakafuni. Weka nakala kwenye rafu, zikisimama ndani ya sanduku, mbali na ukuta na jua. Tumia mifuko ya polipropilini, si ya PVC. Palipochanika, usibandike selotepu. Kagua kila wiki masika na vuli.