Fahamu: Tajiri wa teknolojia anavyoligusa Ziwa Nyasa
Mama anayeanika usipa kwenye chanja, Mbamba Bay, anapiga simu Mbinga kuuliza bei. Elon Musk anamhusu nini?

Kampuni yake ya Starlink huleta intaneti kwa setilaiti. Mwaka 2023 ilianza Msumbiji, kisha Malawi, ng'ambo ya ziwa. Hadi katikati ya 2025 Tanzania ilikuwa haijaipa leseni. Mtandao wake wa kijamii, X, ulizuiwa nchini Mei 2025.

Musk huyohuyo alitumia zaidi ya dola milioni 250 kwenye uchaguzi wa Marekani wa 2024, kisha akasimamia kubana matumizi serikalini. Katika ubanaji huo, shirika la misaada la Marekani, USAID, lililofadhili huduma za VVU Tanzania, likavunjwa.

Musk hakupigiwa kura. Ndiyo maana leseni, sheria na maswali ya wabunge wetu vina uzito: mwenye mtambo asigeuke mwenye nchi.