Kusawazisha Magurudumu ya Pikipiki Nyumbani Baada ya Kubadili Tairi



Katika vijiji vya Busawe na majirani zake, mkoani Mara, pikipiki ni chombo cha utume na cha maendeleo kwa wakati mmoja. Ndiyo inayompeleka katekista kigangoni siku ya Jumapili, ndiyo inayobeba sanduku la chanjo, na usiku wa mvua ndiyo inayombeba mama mwenye uchungu wa uzazi kwenda kutafuta huduma Mugumu au Tarime. Kamati nyingi za parokia zimejitahidi kutunza injini: mafuta yanabadilishwa, plagi inasafishwa, cheni inakazwa. Lakini gurudumu husahaulika mpaka siku tairi linapokwisha.

Tairi jipya likishafungwa, lalamiko huwa karibu lile lile. Kwenye barabara ya vumbi pikipiki inakwenda vizuri, lakini ikifika kwenye lami ya barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari, na mwendo ukizidi kilometa 60 kwa saa, usukani unaanza kutetemeka. Dereva anarudi kwa fundi, naye anamwambia tairi ni bovu, nunua lingine. Sisi tunasema subirini kwanza. Mara nyingi tairi halina kosa. Gurudumu halijasawazishwa, au lina ubovu mwingine uliokuwapo tangu zamani. Kazi ya kulisawazisha haihitaji mashine ya mjini. Inahitaji viti viwili, chaki, waya na uvumilivu wa saa moja hivi.

Kwa nini usukani hutetemeka

Hakuna tairi lenye uzito ulio sawa kabisa pande zote. Mahali fulani mpira umezidi kidogo, mahali fulani umepungua. Ongeza hapo valvu ya tyubu, viraka vya pancha na kiungo cha rimu, na utaona kwamba upande mmoja wa gurudumu lazima uwe mzito kuliko mwingine. Gurudumu likizunguka, upande ule mzito huvuta kwenda nje, kama jiwe lililofungwa kwenye kamba na kuzungushwa na mtoto.

Tuchukue mfano wa tairi la mbele la 2.75-18, ambalo ni la kawaida kwenye pikipiki nyingi za kazi. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa gurudumu hilo huzunguka karibu mara 9 kila sekunde. Gramu 20 zikizidi upande mmoja wa rimu, huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo moja na nusu, mara juu, mara chini, mara 9 kwa sekunde. Kwa kilometa 80 nguvu hiyo hufika kilo mbili na nusu. Kwa kilometa 30 haifiki hata nusu kilo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, mtikisiko huongezeka mara nne. Ndiyo maana pikipiki ile ile ni tulivu kijijini na ni msumbufu kwenye lami.

Kwa hiyo tuseme ukweli: dereva ambaye hatoki kwenye njia za ng'ombe na hazidi kilometa 40 kwa saa hatapata faida kubwa kwa kusawazisha. Huyo atumie saa yake kukagua beringi na spoki. Lakini yule anayefika kwenye lami mara kwa mara, hasa akiwa amempakia mgonjwa nyuma yake, asiache kufanya hivyo.

Kuna jambo moja tunalolipiga vita. Tairi likichanika, wengi huweka ndani yake kipande cha tairi kuukuu, ambacho mafundi hukiita gaita. Kipande cha gramu 100 tu, kwa kilometa 60, huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 9. Gaita ni ya kumfikisha mtu nyumbani kwa mwendo wa pole. Si ya kukaa miezi mitatu.

Kabla ya kusawazisha

Osheni gurudumu. Udongo mweusi wa mbugani wakati wa masika hujisokota kati ya spoki na kukauka kama saruji, nao una uzito kuliko tofauti yoyote ya tairi. Tumeshuhudia mtikisiko ukiisha kwa ndoo moja ya maji na brashi.

Kisha simamisheni pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu likiwa hewani, mshike tairi kwa mikono miwili na kulitikisa kushoto na kulia. Likicheza, beringi zimekwisha, na hakuna uzito wa kuongeza utakaoponya hilo. Pigeni spoki moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza hulia kwa sauti kali, iliyolegea hutoa sauti butu. Wekeni kipande cha mti karibu na rimu na kulizungusha gurudumu polepole. Rimu ikiukaribia mti na kuuacha, imepinda, na inanyooshwa kwa kukaza na kulegeza niplo za spoki, robo mzunguko kila mara. Kazi hii ya spoki ni bora ifanywe na fundi mwenye mkono mwepesi. Asiyeizoea huikaza rimu ikawa na umbo la yai.

La mwisho ni tairi lenyewe. Pembeni mwa tairi, karibu na rimu, kuna mstari mwembamba uliozunguka wote. Mstari huo lazima uonekane kwa umbali ule ule kutoka kwenye rimu, pande zote mbili. Ukizama mahali fulani, tairi halijakaa, na pikipiki itarukaruka hata kwa mwendo mdogo. Toeni upepo, pakeni maji ya sabuni mahali palipozama, mjaze tena, na kumalizia kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Msijaze kupita kiasi kwa kutaka kulilazimisha. Matairi mengine mapya yana alama ndogo ya rangi pembeni, inayoonyesha upande mwepesi. Alama hiyo huwekwa pale ilipo valvu ya tyubu, na hivyo kazi inayobaki inapungua tangu mwanzo.

Kazi yenyewe

Fungueni gurudumu na kuliondolea kila kinacholizuia kuzunguka. Kwa gurudumu la mbele toeni sahani ya breki pamoja na gia ndogo ya kebo ya spidi. Kwa la nyuma toeni cheni, sahani ya breki, na kama spoketi imekaa kwenye kitako chake cha mipira, nayo itoke. Rudisheni ekseli peke yake katikati ya beringi.

Wekeni viti viwili vya urefu sawa, au mihimili miwili ya mbao, ndani ya nyumba pasipo upepo. Ekseli ilale juu yake, gurudumu likining'inia katikati bila kugusa chochote. Chupa ya maji iliyojaa nusu, ikilazwa juu ya ekseli, itaonyesha kama imelala sawa. Wapo wanaofanya kazi hii gurudumu likiwa bado kwenye fok'. Inawezekana kwa la mbele, ila breki ikigusa hata kidogo hupoteza ukweli.

Sasa lisukumeni gurudumu taratibu na kuliacha lisimame lenyewe. Upande mzito hushuka chini. Wekeni alama ya chaki juu kabisa, yaani upande mwepesi. Rudieni mara tatu au nne. Alama zikikusanyika mahali pamoja, upande mwepesi mmeupata. Gurudumu likisimama kila mara mahali tofauti, liko sawa tayari, na hamna haja ya kuongeza kitu.

Uzito wa kuongeza

Mjini huuzwa vipande maalumu vya kubana kwenye spoki au kubandika kwenye rimu. Vijijini tunapendekeza waya laini wa kufungia nondo, ule wanaoutumia mafundi ujenzi. Wa unene wa milimita 1.2 una uzito wa karibu gramu 9 kwa kila mita moja. Mkiwa na waya na futi ya fundi cherehani, mna mizani. Wenye waya mnene wa uzio, wa milimita 3, wahesabu sentimita 18 kwa gramu 10, lakini huo ni mgumu kuuzungusha.

Kateni mita moja, mkunje kishungi kidogo, mkibandike kwa utepe kwenye upande mwepesi. Ligeuzeni gurudumu mpaka kishungi kiwe pembeni, usawa wa ekseli, kisha liachieni. Kikipanda, bado uzito hautoshi, kikishuka, umezidi. Ongezeni au punguzeni nusu mita nusu mita. Kikikaa pale pale, jaribuni pia upande wa pili, halafu juu, halafu chini. Gurudumu likitulia popote mnapoliacha, mmemaliza. Msihangaike na gramu moja au mbili. Beringi zenye grisi haziwezi kuzionyesha.

Hapo ndipo waya unapofungwa kwa kudumu. Zungusheni kwenye spoki iliyo karibu na alama, ukigusa niplo, tabaka juu ya tabaka, mkikaza kwa koleo. Mita moja ikizungushwa hivyo huchukua chini ya sentimita 3. Zikihitajika mita mbili au tatu, gawanyeni kwenye spoki za jirani. Ncha ifichwe ndani, na juu yake pafungwe utepe wa umeme ili waya usiteleze wala kumchoma anayeosha. Wenye rimu za kumimina, zisizo na spoki, hawana njia hii. Wao wabandike vipande vya gundi kwenye rimu iliyosafishwa vizuri kwa petroli na kukaushwa.

Ikifika gramu 60 na gurudumu bado linadai, simameni. Ni bora kutoa upepo, kulizungusha tairi nusu duara juu ya rimu, na kuanza upya. Mara nyingi upande mzito wa tairi ulikuwa umekutana na upande mzito wa rimu.

Tunaonya pia kuhusu risasi. Wapo wanaoyeyusha risasi ya betri kuukuu jikoni ili wapate uzito mdogo wenye nguvu. Moshi wake na vumbi lake ni sumu, na huathiri zaidi ubongo wa watoto. Waya wa nondo unatosha.

Kurudisha gurudumu

Sehemu hii ni fupi, lakini ndiyo yenye hatari kuliko zote. Sahani ya breki ina mahali pake pa kushikiliwa: kwa mbele ni kijiti cha fok' kinachoingia kwenye mfereji wa sahani, kwa nyuma ni chuma kirefu chenye nati na pini. Kikisahaulika, siku breki itakapokanyagwa kwa nguvu sahani yote itazunguka na gurudumu litakaba. Kazeni nati ya ekseli, rudisheni pini yake, rekebisheni breki, na cheni ibaki na mchezo wa sentimita 2 hadi 3, au kama kitabu kinavyosema. Jaribio la kwanza lifanyike kwa mwendo mdogo, pasipo abiria.

Usukani ukiendelea kutetemeka baada ya yote haya, msiongeze waya. Tazameni beringi za shingo ya usukani na bushi za mkono wa nyuma. Tairi limekwisha kusamehewa.

Kwa kamati za parokia na wafadhili wetu

Kusaidia utume kwa vyombo vya usafiri ni jambo la siku nyingi. Padri Paul Schulte alianzisha shirika la MIVA nchini Ujerumani mwaka 1927, baada ya rafiki yake mmisionari kufariki Afrika kwa kukosa chombo cha kumwahisha kwenye matibabu. Tangu hapo waamini wengi wametoa sadaka zao kwa ajili ya magari, pikipiki na baiskeli za misioni. Tunashukuru sana. Hata hivyo, maombi mengi yanayotufikia huandika bei ya pikipiki na kuishia hapo, na wafadhili nao hupenda picha ya pikipiki mpya kuliko risiti ya beringi.

Tunaziomba kamati, katika maombi yajayo, ziweke pamoja na pikipiki: seti ya spana, vyuma viwili vya kutolea tairi, kipimo cha upepo, tyubu na tairi la akiba kwa kila gurudumu, na beringi za mbele na nyuma. Kila parokia iteue vijana wawili, si mmoja, maana mmoja akihamia Musoma au Mwanza ujuzi unaondoka naye. Na kwenye daftari la pikipiki, kando ya tarehe ya kubadili mafuta, waandike tarehe tairi lilipofungwa, kilometa zilizosomeka, na mita ngapi za waya zilitumika. Tairi likibadilishwa tena, waya wa zamani ukatwe wote kabla ya kupima upya.