Kompyuta Iliyotumika na Amana Iliyomo Ndani

Ndugu Wanachama,

Watoto wawili wa wanachama wenzetu, wanaosomesha skuli mkoani Kagera, mmoja Wilaya ya Ngara na mwenziwe Biharamulo, wameiletea Ofisi swali: Mtu akinunua kompyuta iliyokwisha tumika, aiandae vipi, na ahamishe vipi mafaili yake yasipotee wala yasionwe na asiyehusika? Jibu latuhusu sote, maana Chama nacho kinakusudia kununua mashine ya namna hiyo, na ndani yake yataingia majina yenu, mizani ya karafuu zenu na nambari zenu za benki.

Kwanza, dukani. Vijana wetu wananunua Mwanza. Tangu Juni 2025 safari hiyo hupita daraja la Kigongo–Busisi badala ya kungoja kivuko, lakini njia ingali ndefu, na aliyekwisha fika Ngara hawezi kurejea kwa muuzaji kila siku. Basi kabla ya kulipa, mashine iwashwe na iachwe nusu saa. Kila tundu lijaribiwe. Na itazamwe kama haikufungwa kwa nywila ya mwenyewe wa zamani. Risiti ni lazima, usije ukanunua mali ya wizi.

Pili, umeme. Ngara na Biharamulo zilikaa miaka mingi kwa mashine za dizeli, kama Pemba ilivyotegemea mashine za Wesha mpaka waya wa chini ya bahari ulipofika kutoka Tanga mwaka 2010. Leo uko mtambo wa Rusumo, megawati 80, unaogawiwa Tanzania, Rwanda na Burundi, na njia yake ya umeme hufika Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Hata hivyo umeme ukizimika na kurudi kwa ghafula huweza kuharibu kazi ya siku nzima. Kifaa cha kuhifadhi umeme kina faida. Tena, baadhi ya kompyuta za mezani huwa na swichi nyuma yenye 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Swichi ikiwa kwenye 115, mashine huungua mara moja.

Tatu, isafishwe. Faili lililofutwa kwa kawaida halijatoka. Lililoondoka ni jina lake tu katika orodha, na mwenye ujuzi huweza kulirudisha. Basi diski ifutwe yote, na programu ipandishwe upya kwa flashi iliyotayarishwa katika kompyuta ya kuaminika. Mjue pia kuwa Windows 10 iliachwa kuhudumiwa bure tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyoweza kupokea Windows 11 huweza kuwekewa Linux, nayo haina malipo.

Nne, kuhamisha. Yanakiliwe, yasikatwe. Nakala ya kwanza iende katika diski ya nje, na diski hiyo ikaguliwe virusi kabla ya kufunguliwa katika mashine mpya. Kisha linganisha: idadi ya mafaili na ukubwa wake, huku na huku. Fungua machache ya kila aina, barua, picha na hesabu, uone kama yanasomeka. Mkulima hapokei fedha kwa kuhesabu magunia tu. Huyatia katika mizani.

Nakala moja ibaki mashineni, moja katika diski, na ya tatu iwekwe nyumba nyingine, ili moto au mwizi asizipate zote pamoja.

Tano, mashine ya zamani isiuzwe wala isigawiwe mpaka mpya imefanya kazi mwezi mzima. Hapo nayo ifutwe yote, kwani atakayeinunua atakuwa katika hali ile ile mliyokuwa nayo ninyi.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ofisi itafuata utaratibu huu huu kabla ya msimu kuanza, na kila mwanachama ana haki ya kuja kuuliza nakala tatu ziko wapi.

Wenu katika kazi,
Katibu