Maji ya Ngamani Yametoka Wapi?

Nahodha anafunua ubao na kukuta maji ngamani, chini ya injini ya dizeli. Si mengi, kata chache zinayamaliza. Lakini jana hayakuwapo. Mikono hukimbilia bisibisi mara moja, ikakaza kila klipu inayofikika, na hapo ndipo kazi huharibika. Uvujaji unazibika kwa siku mbili bila mtu kujua ulikuwa wapi, kisha unarudi chombo kikiwa katikati ya mkondo wa Pemba. Kabla ya kushika spana, jiulize kwanza: haya ni maji gani?

Injini nyingi za dizeli zinazofungwa ndani ya boti huwa na mizunguko miwili. Mmoja ni wa maji matamu yaliyochanganywa na kulanti, ambayo huzunguka ndani ya injini na hayatoki. Mwingine ni wa maji ya bahari: huvutwa kutoka tundu la chini ya chombo, hupita kwenye chujio na kwenye pampu yenye impela ya mpira, kisha huingia katika mtungi wa kupozea uliojaa vijibomba vyembamba, mara nyingi vya shaba iliyochanganywa na nikeli. Maji ya bahari hupita ndani ya vijibomba, ya injini hupita nje yake. Joto huvuka ukuta wa shaba, maji yenyewe hayakutani. Mwishowe maji ya bahari hutumbukizwa kwenye ekzosi na kurudi yalikotoka.

Mzigo wa maji hayo ni mkubwa. Katika nishati yote iliyomo kwenye dizeli, karibu theluthi moja tu ndiyo huzungusha rafadha. Theluthi nyingine hivi huondoka na moshi, na sehemu kubwa ya kinachobaki lazima ibebwe na maji. Tena bahari yetu ina joto la nyuzi 25 hadi 30 hivi kwa sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo injini ya hapa haina nafasi ya kupumua kama ile inayovuta maji ya baridi ya kaskazini ya Ulaya. Uvujaji mdogo hapa si wa kuvumiliwa.

Maji ya bahari hujitambulisha yenyewe. Kila lita ina gramu 35 hivi za chumvi, na tone likiangukia chuma cha moto hukauka papo hapo, chumvi ikabaki. Ndiyo maana pampu inaweza kuvuja kila siku na bado ukaipapasa ukaikuta kavu. Unachotafuta ni mchirizi mweupe, mgumu, unaokwaruza kidole. Ufuate kwenda juu mpaka uishe. Kulanti nayo huacha doa la rangi, lenye kunata. Usiionje kwa ulimi: kulanti nyingi zina ethilini glikoli, nayo ni sumu.

Maji hutembea, na mkanda unaozunguka huyarusha mbali. Kwa hiyo osha injini yote, ikaushe kwa kitambaa, utandike karatasi kavu chini ya kila kiungo unachokishuku, ndipo uwashe. Karatasi ya kwanza kulowa ina thamani kuliko maoni ya mafundi watatu waliosimama gatini.

Pale pampu inapofungwa kwenye injini kuna kitundu kidogo upande wa chini, ambacho wengi hudhani ni kasoro na wengine hukiziba kwa gundi. Kimewekwa kwa makusudi. Ndani ya pampu kuna sili mbili, moja inazuia maji na nyingine inazuia oili, na kitundu kiko katikati yao. Kikidondosha maji, sili ya maji imechoka. Ukikiziba, maji yatasukumana na sili ya pili hadi yaingie kwenye oili. Naliona hili kuwa kosa baya kuliko yote, kwa sababu sili ni kitu cha bei ndogo, na beringi za injini si hivyo.

Upande wa kuvuta, yaani kabla ya pampu, una tabia ya kupotosha. Injini ikizunguka, shinikizo humo huwa chini ya lile la hewa, kwa hiyo ufa hautoi maji bali unaingiza hewa. Utaona mapovu kwenye chujio na ekzosi ikitema maji kwa kukatakata. Injini ikizimwa, bahari husukuma kutoka nje na ufa uleule huanza kudondosha. Chombo kinachojaza maji usiku kikiwa nangani kianze kukaguliwa hapo.

Mzunguko wa maji matamu hukaguliwa vingine. Kifuniko chake kina springi inayoruhusu shinikizo lipande, mara nyingi hadi baa 0.9, na kwa shinikizo hilo maji huchemka karibu nyuzi 118 badala ya 100. Ukiwapo uvujaji, shinikizo halipandi na kinga hiyo hupotea. Injini ikiwa imepoa kabisa, fundi hufunga pampu ya mkono mahali pa kifuniko, hupandisha shinikizo na kutazama mshale. Ukishuka huku nje pote pakavu, maji yanapotelea ndani. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa hushitaki gasketi ya silinda hedi. Kama oili ni safi, shuku mtungi wa kupozea: kijibomba kilichotoboka humwaga kulanti kwenye maji ya bahari, nayo hutoka kwa ekzosi bila tone kufika ngamani.

Vijibomba hivyo hulindwa na kipande cha zinki. Mwaka 1824 mwanakemia Humphry Davy alipendekeza kufunga zinki au chuma kwenye shaba iliyofunika meli za kivita za Uingereza, ili bahari ile metali hiyo badala ya shaba. Shaba ilipona kweli, ingawa mwani na viumbe vya baharini vilianza kuota juu yake, kwa kuwa haikuwa ikitoa tena sumu ya kuvifukuza. Ndani ya injini hatuna shida hiyo. Fungua zinki, itazame, na ikiwa imelika nusu weka nyingine.

Ukishabadilisha sili, mpira au kijibomba, rudia karatasi kavu. Washa injini, uipe mzigo mpaka ishike moto, ukague. Kisha izime, iache ipoe, ukague tena, kwa sababu vyuma hutanuka na kusinyaa, na kuna viungo vinavyovuja vikiwa baridi tu.