Mkate wa Wengi, Ugonjwa wa Wachache

Lipo neno ambalo majumbani mwetu hutamkwa upesi kuliko linavyostahili, nalo ni "mvivu". Kijana aamkaye na uchovu wake wote mwilini, hali alilala tangu saa tatu ya usiku, huambiwa ni mvivu. Mama ambaye ndoo moja ya maji haimfikishi jikoni ila amepumzika mara mbili, husemwa kuwa siku hizi anadeka. Wavivu wapo, na hatuna haja ya kuwatetea. Lakini wapo pia watu ambao miili yao imekataa kazi bila ya hiari yao, na miongoni mwao wamo wachache ambao kisa chao huanzia katika kile kile wanachopewa ili wapate nguvu. Ni juu ya hao tunakusudia kuandika leo.

Ugonjwa wenyewe matabibu huuita siliaki. Chanzo chake ni gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, na ambayo ndiyo huufanya unga wa ngano uvutike unapokandwa, na chapati isikatike mkononi. Kwa walio wengi gluteni haina dhara lolote. Kwa mwenye siliaki, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huiona gluteni kuwa adui, na katika vita hivyo huuumiza utumbo wa mwenyewe. Ukuta wa utumbo mwembamba umefunikwa na vinyuzi vidogo mno, mfano wa manyoya ya zulia, ambavyo hukinyonya chakula na kukiingiza katika damu. Vinyuzi hivyo huvimba, hufupika, na mwishowe hulala. Zulia limebaki gunia tupu. Mtu atakula akashiba, na sehemu kubwa ya manufaa ya chakula itampita tu.

Sehemu ya juu ya utumbo ndiyo aghalabu iumiayo zaidi, na ndiyo hasa inyonyayo madini ya chuma. Hapo ndipo uchovu unapoingia. Chuma kikikosekana damu hupungua nguvu, moyo huenda mbio kwa ngazi mbili tu, na akili huwa kama iliyofunikwa na ukungu. Mgonjwa huandikiwa vidonge vya chuma, huvimeza kwa uaminifu, na damu isipande; huandikiwa tena. Wengine hawaharishi kamwe, wala tumbo haliwaumi. Dalili yao ni huo uchovu, pengine na vidonda vya kinywani au mifupa iliyodhoofika, na kwa sababu hiyo miaka hupita kabla ya yeyote kulitaja jina la ugonjwa. Kenya, tangu mwaka 2012, sheria inataka unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani utiwe madini ya chuma. Ni jambo jema kabisa. Lakini kwa mtu huyu mmoja, mkate unaomletea chuma ndio huo huo unaoufunga mlango wa kukipokea.

Yafaa tueleweke vizuri. Mtu wa nchi zetu akichoka, yapo mengi ya kutazamwa kwanza: malaria, safura, kifua kikuu, kisukari, ukimwi, tezi ya shingo, hedhi iliyozidi, na pia huzuni, ambayo nayo huchosha kuliko jembe. Upo vilevile ugonjwa wa uchovu sugu ambao hauhusiani na ngano hata kidogo, na ambao mtu akijilazimisha kufanya kazi leo hulazwa kitandani kesho na keshokutwa. Hatusemi, basi, kwamba kila mchovu aiache chapati. Wapo waitangazao ngano kuwa sumu kwa wanadamu wote, na aghalabu hao hao huwa na kitu cha kuuza. Tusemalo ni hili: yakishatazamwa hayo yote pasionekane kitu, na vidonge vya chuma vikamezwa kwa miezi bila ya faida, daktari aulizwe juu ya siliaki.

Na asijibiwe mgonjwa kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto 990 wa Kisahrawi, watu wa Sahara ya Magharibi ambao wengi wao wanaishi katika kambi za wakimbizi nchini Algeria. Watoto 5.6 katika kila 100 walionekana kuwa na siliaki, ilhali hesabu ya kawaida duniani ni takriban mtu mmoja katika kila 100. Wasahrawi ni watu ambao babu zao waliishi kwa maziwa ya ngamia. Siku hizi mkate wa ngano ndio chakula chao kikuu. Damu ya ukoo huubeba uwezekano wa ugonjwa, na ngano huuamsha. Sisi nasi, ambao babu zetu walikula mtama na muhogo, tumezoea kuianza siku kwa mkate na kuimaliza kwa chapati.

Jinsi siri hii ilivyofumbuliwa ni habari yenye kushangaza. Daktari Samuel Gee wa London aliyaeleza maradhi haya kwa watoto katika maandishi yake ya mwaka 1888, akasema kwamba kama yapo matibabu, yatapatikana katika chakula. Alisimulia habari za mtoto mmoja aliyelishwa kome wa Uholanzi kila siku, akanawiri ajabu. Msimu wa kome ulipokwisha, akarudi palepale. Gee alikuwa ameushika mkia wa jambo asiuone mwili wake, maana kome hawakuwa dawa. Waliponya kwa kukalia mahali pa mkate.

Aliyeuona mwili ni daktari wa watoto wa Kiholanzi, Willem Karel Dicke, ambaye kabla ya vita kuu ya pili alikwisha kuishuku ngano. Majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, njaa kubwa iliikumba Uholanzi ya magharibi iliyokuwa mikononi mwa majeshi ya Ujerumani. Mkate ukaadimika, watu wakala hata vitunguu vya maua ya tulipu. Watoto wengine walidhoofika. Watoto wa siliaki waliendelea vizuri, na mkate uliporejea, maradhi yao nayo yakarejea. Mwaka 1950 Dicke alitoa tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Utrecht, na tangu hapo matibabu yamekuwa moja: kuacha ngano, shayiri na rai kwa maisha yote. Hadi leo hakuna kidonge kilichokwisha kushika mahali pa matibabu hayo.

Hapa pana onyo ambalo twaomba lisipuuzwe. Asiyepimwa bado asiache ngano kwanza. Kipimo cha damu hutafuta alama za vita tulivyovieleza, na baada yake daktari kwa kawaida hupitisha mpira mwembamba kinywani ili achukue vipande vidogo vya utumbo vikatazamwe kwa hadubini. Vita vikikoma, alama hufutika. Mtu aliyejizuia kwa miezi kwa sababu jirani alimshauri, atapimwa aonekane mzima, na huenda akaendelea kubahatisha maisha yake yote.

Akishajulikana kuwa mgonjwa, wengi hudhani ameingia gharama kubwa. Huelekezwa kwenye maduka makubwa ya mijini, ambako kimkate kisicho na gluteni kilichotoka ng'ambo kinauzwa kwa bei ya kuogofya, nacho, kwa maoni yetu, ladha yake haistahili safari. Chakula chake kimo jikoni mwa bibi yake. Ugali wa mahindi, wa mtama au wa muhogo. Wali na pilau. Ndizi, viazi vitamu, majimbi, mbaazi za nazi, samaki. Mahamri yamharamikie, lakini kitumbua cha mchele ni halali yake, na mkate wa kumimina, na mkate wa mofa ukiwa wa mtama mtupu. Ni watu wachache duniani wenye ugonjwa huu waliozungukwa na vyakula vingi namna hii visivyowadhuru.

Taabu imo katika kuchanganya. Unga wa uji wa lishe, ambao mtu dhaifu hununuliwa kwa mapenzi ili apate nguvu, mara nyingi husagwa pamoja na ngano. Naye hunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni, na kila mtu hustaajabu kwa nini hapati nafuu. Mashine ya kusaga iliyotoka kusaga ngano ya mteja mmoja huuachia unga wake mahindi ya mteja afuataye. Tambi ni ngano. Viazi karai mara nyingi huvikwa unga wa ngano, na bajia za dengu hukaangwa katika mafuta yaliyotoka kukaanga sambusa. Bia nyingi hupikwa kwa shayiri. Kipimo kinachokubaliwa kimataifa cha chakula kiitwacho kisicho na gluteni ni miligramu 20 zisizozidi katika kilo nzima, na uchunguzi umeonyesha kwamba miligramu 50 kwa siku, zikiliwa kwa muda wa miezi mitatu, zaweza kuudhuru utumbo. Hayo ni makombo tu ya kipande kimoja cha mkate.

Kwa hiyo dawa hii haimezwi na mgonjwa peke yake. Imo mikononi mwa apikaye, asagaye na akaribishaye. Katika utamaduni wetu, mgeni akikataa alichoandaliwa amemtia aibu mwenye nyumba, na mwenye nyumba naye husisitiza: "Kidogo tu, mwanangu, hakitakuua." Hakitamuua leo, kweli. Lakini mgonjwa huyo atahudhuria arusi, matanga na maulidi, na wakati wa futari ataletewa kaimati na sambusa zilizopikwa kwa heshima yake, na kila mahali atakuwa hana budi kuchagua kati ya utumbo wake na adabu yake. Tumeona wengi wakiichagua adabu. Hata kanisani suala hili limefika: mwaka 2017 Vatican ilikumbusha kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Ekaristi, ila yenye gluteni kidogo mno yaruhusiwa, na asiyeweza hata hiyo aweza kupokea divai pekee. Ikiwa Vatican imekaa ikalifikiria jambo hili, nasi twaweza kumpakulia mgeni wali kwa mwiko uliooshwa bila ya kununa.

Nyumba na iwe na subira pia juu ya muda. Tumbo laweza kutulia katika majuma machache, na hapo jamaa husema, "Haya, umepona, simama ufanye kazi." Sivyo. Akiba ya chuma hujengeka kwa miezi, na kwa mtu mzima utumbo waweza kuchukua miaka miwili au zaidi kurudisha vinyuzi vyake. Uchovu huondoka kwa hatua za kinyonga: wiki ya nguvu, siku tatu za kulala, kisha wiki mbili za nguvu. Katika kipindi hicho mgonjwa hufaa agawe kazi zake, asizirundike zote katika siku njema. Na ikiwa mwaka umepita, chakula kimechungwa kwa uangalifu, na uchovu bado upo, asiambiwe kwamba sasa ndiyo ameanza uvivu wenyewe. Arudi kwa daktari, kwa kuwa tezi ya shingo na upungufu wa vitamini huandamana na ugonjwa huu mara kwa mara, na kila kimoja kina tiba yake.

Limebaki jambo moja ambalo jamaa husahau katika furaha ya kumwona mgonjwa wao akicheka tena. Siliaki hufuata damu. Katika wazazi, ndugu na watoto wa mgonjwa, takriban mmoja kati ya kumi huwa nao, awe na dalili au asiwe nazo. Hao nao waende wakapimwe, na hadi siku ya kipimo waendelee kula mkate wao.