Mwarobaini: Jina Si Kipimo cha Dawa

Miongoni mwa miti iliyosifika kwa tiba katika mwambao wa Afrika Mashariki ni mwarobaini. Asili yake ni Bara Hindi, lakini jina lake ni zao la Kiswahili: mti wa maradhi arobaini.

Jina hilo linastahili kutafakariwa. Kwetu, arobaini si hesabu tupu. Mzazi hukaa arobaini, marehemu husomewa hitima ya arobaini, na siku za mwizi, twaambiwa, ni arobaini. Nambari hii hudokeza utimilifu. Aliyeuita mti huu mwarobaini aliusifu. Hakuketi akayahesabu maradhi, wala hakuweka kipimo. Hata hivyo, wapo wauzaji walioigeuza sifa hiyo kuwa cheti, wakaahidi kuponya malaria, kisukari na kila kinachomsumbua mteja.

Hapana shaka kwamba mti huu una manufaa. Vijiti vyake vimekuwa miswaki tangu kale, na majani yaliyopondwa hupakwa ngozini kutibu upele. Mbegu zake zina azadiraktini, kemikali inayovuruga ukuaji wa wadudu. Ndiyo maana wakulima huzitumia kukinga mimea.

Lakini neno dawa lina pande mbili. Twasema dawa ya homa, tena twasema dawa ya panya. Mwaka 1981, madaktari nchini Malaysia waliripoti katika jarida la Lancet habari za watoto wachanga 13 waliotapika, wakasinzia na kudhurika ubongo saa chache baada ya kunyweshwa mafuta ya mwarobaini. Walikuwa wamepewa kati ya mililita 5 na 30. Mililita 5, msomaji mpendwa, ni kijiko kimoja cha chai. Aidha, majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba mti huu huweza kuharibu mimba. Kwa hivyo mja mzito na ajiepushe na kuunywa.

Kuhusu malaria, ni kweli kwamba viambato vya majani yake vimeviua vimelea katika maabara. Ila chupa ya maabara si mwili wa binadamu. Mtoto mwenye malaria kali huweza kufa katika muda wa siku moja tu, huku wazazi wakingoja sufuria ichemke.

Isitoshe, jina huweza kuangukia mti usio wake. Melia azedarach hufanana sana na mwarobaini, na matunda yake ni sumu. Jani la mwarobaini hugawika mara moja tu; la mwenzake hugawika tena na tena.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba ya kienyeji na kutaka isimamiwe. Ni jambo jema, kwani kuidharau hakufai sawa na kuiamini kwa upofu. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Nasi tuongeze kwamba amfichaye daktari mitishamba anayokunywa yumo hatarini vivyo hivyo.

Basi, anayetuuzia mwarobaini na atueleze: ni sehemu gani ya mti, kiasi gani, kwa mgonjwa yupi, na kwa siku ngapi? Asipoweza kujibu, ametuuzia jina tu.